Chombo si Jina Lake: Uteuzi wa Vyombo Salama vya Kuchanganyia na Kuhifadhia Maji ya Chumvi ya Akwaria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua vyombo salama vya kuchanganyia na kuhifadhia maji ya chumvi yanayotumika katika akwaria za viumbe wa baharini. Hoja kuu ni kwamba usalama wa chombo hauamuliwi na jina, umbo wala usafi wake wa nje, bali na mambo matatu: malighafi ambayo chombo kimeundwa kwayo, historia ya vitu kilivyowahi kubeba, na viungo vidogo vilivyoshikamana nacho. Makala yanaanza kwa kuonesha kwamba majina ya vyombo katika Kiswahili hutaja umbo na kazi bila kutaja malighafi. Baadaye yanaeleza tabia ya maji ya chumvi, sifa za malighafi mbalimbali, njia za kukipima chombo, na taratibu za kuchanganya na kuhifadhi. Yanahitimisha kwa kueleza kwamba chombo ambacho historia yake haijulikani hakifai kwa kazi hii, hata kikiwa kizuri na cha bei nafuu.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefuga viumbe wa baharini katika akwaria, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, hushughulika na maji zaidi kuliko anavyoshughulika na samaki. Mara kwa mara hutoa sehemu ya maji yaliyochakaa na kuingiza mapya. Mfugaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kuyachota baharini. Mfugaji wa Dodoma, Nairobi au Kampala hana budi kuchanganya chumvi maalumu ya akwaria na maji baridi. Wote wawili huhitaji chombo, na wote wawili hukutana na swali moja wanapofika dukani au sokoni: ni dumu lipi, pipa lipi, au ndoo ipi inayofaa?

Swali hili huonekana dogo, na kwa sababu hiyo hupewa nafasi ndogo. Mfugaji aliyetumia fedha nyingi kununua taa na pampu anaweza kuishia kuandaa maji yake katika pipa alilolipata kwa bei nafuu bila kujua lilibeba nini. Baada ya siku kadhaa samaki wanahema kwa kasi, matumbawe yanajikunyata, na kamba wanakufa mmoja baada ya mwingine. Mfugaji anadhani ni ugonjwa. Tiba ya kwanza anayoijua ni kubadilisha maji. Na maji hayo mapya yanatoka katika pipa lilelile. Kila anapotibu ndipo anapozidisha sumu. Hili ndilo linalolifanya kosa la chombo kuwa baya kuliko makosa mengine mengi ya ufugaji: limejificha ndani ya dawa yenyewe.

Hasara hiyo si ya mfugaji peke yake. Samaki wengi wa akwaria za baharini hawazalishwi katika mabwawa, bali hunaswa kwenye miamba ya matumbawe. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza samaki hao nje, na wapo wavuvi wa pwani wanaopata riziki kwa kuwakusanya mmoja mmoja wakiwa hai. Samaki anayekufa kwa sababu ya ndoo mbaya ametolewa mwambani bure. Kwa hiyo, uteuzi wa chombo ni suala la kiufundi na pia ni suala la uwajibikaji.

2.0 Majina ya Vyombo na Kile Yanachokificha

Kabla ya kuingia katika kemia, ni vema kuangalia lugha, kwa kuwa mnunuzi huingia dukani akiwa na maneno kabla ya kuwa na vipimo. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya vyombo vya maji: ndoo, dumu, pipa, jaba, beseni, mtungi, kasiki, tangi. Ukiyachunguza, utaona kwamba majina haya hutofautisha vyombo kwa umbo, ukubwa na kazi. Dumu lina mdomo mwembamba na mkono wa kushikia. Ndoo ina mdomo mpana. Pipa ni la mviringo na ni kubwa. Mtungi wa asili ni wa udongo, lakini nchini Kenya neno hilohilo hutumika leo kwa chombo cha plastiki cha lita 20. Umbo na kazi vimebaki, malighafi imebadilika, na jina halikutoa taarifa yoyote.

Neno plastiki nalo lina tatizo la namna hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida linachukuliwa kuwa ni jina la kitu kimoja, ilhali linajumuisha familia ya vitu vingi vyenye tabia tofauti. Mtu akisema “nunua pipa la plastiki”, amesema jambo ambalo halitoshi kumwongoza mnunuzi. Anayetaka chombo salama anapaswa kuuliza maswali matatu ambayo jina halijibu: kimeundwa kwa nini? Kilibeba nini kabla yangu? Kimeshikamana na nini? Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika muktadha huu methali hiyo inaweza kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa: nyuma ya kila chombo kuna uundaji, na uundaji huo ndio tunaopaswa kuuchunguza.

3.0 Kwa Nini Maji ya Chumvi Hudai Chombo cha Pekee

Maji ya bahari ya kawaida yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Zaidi ya nusu ya uzito huo, takribani gramu 19, ni kloridi. Kloridi ndiyo adui mkuu wa metali: hupenya utando mwembamba unaozilinda na kuzitoboa polepole. Chombo kinachodumu miaka mingi kikiwa na maji ya kisima kinaweza kuharibika kwa muda mfupi kikiwekewa maji ya bahari, na kila kinachotoka katika ukuta wa chombo huingia ndani ya maji.

Jambo la pili ni udhaifu wa viumbe wenyewe. Viumbe wengi wa baharini wasio na uti wa mgongo, wakiwamo kamba, kaa, konokono na matumbawe, huathiriwa vibaya na kiasi kidogo mno cha shaba. Shaba hutumika kama dawa ya vimelea vya samaki katika matangi ya tiba kwa kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki wengi hustahimili kiwango hicho kwa muda wa tiba, ilhali wanyama wasio na uti wa mgongo huweza kufa. Kwa pipa la lita 200, kiwango cha juu hapo ni sawa na miligramu 40 za shaba, uzito unaokaribia wa punje mbili za mchele. Koki moja iliyoanza kuliwa na chumvi inaweza kutoa kiasi hicho bila jicho kuona mabadiliko yoyote.

Jambo la tatu ni muda. Maji katika bomba hupita. Maji katika chombo cha kuhifadhia hukaa kwa siku au wiki. Kadiri maji yanavyokaa, na kadiri joto linavyopanda, ndivyo vitu vilivyomo katika kuta vinavyopata nafasi ya kutoka. Aidha, chombo kidogo kina eneo kubwa la ukuta kwa kila lita kuliko chombo kikubwa. Ndoo mbaya ya lita 20, kwa hiyo, inaweza kuyadhuru maji yake zaidi kuliko tangi la lita 1,000 lililoundwa kwa malighafi ileile.

Uhifadhi wa maji ya chumvi si jambo la juzi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la kuoneshea viumbe wa majini, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake kiitwacho The Aquarium. Katika kipindi hichohicho alishughulikia pia utengenezaji wa maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi, kwani kuyasafirisha maji halisi hadi mjini kulikuwa na gharama. Baadaye William Alford Lloyd alisanifu akwaria ya Crystal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1871, ambamo maji yalizungushwa kati ya matangi ya maonesho na hifadhi kubwa iliyokaa gizani. Tangu mwanzo, basi, ilieleweka kwamba afya ya tangi linaloonekana hutegemea chombo kisichoonekana.

4.0 Malighafi za Vyombo

4.1 Plastiki

Chini ya vyombo vingi vya plastiki huwa kuna pembetatu yenye namba kuanzia 1 hadi 7. Mfumo huu ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1988 ili kurahisisha uchambuzi wa taka za plastiki. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Namba 2 ni poliethilini nzito, inayoandikwa HDPE. Namba 3 ni PVC. Namba 4 ni poliethilini nyepesi. Namba 5 ni polipropilini, inayoandikwa PP. Namba 6 ni polistirini. Na namba 7 ni mkusanyiko wa nyinginezo zote.

Kwa kazi ya maji ya chumvi, namba 2 na namba 5 ndizo zinazopendekezwa. Poliethilini nzito na polipropilini haziathiriwi na chumvi, hazihitaji vilainishi ili ziwe imara, na hustahimili misukosuko ya kubebwa. Mapipa ya bluu ya kusafirishia vyakula, madumu mengi ya mafuta ya kula na ndoo nyingi zenye mifuniko huundwa kwa namba 2 au 5. Matangi makubwa meusi ya maji ya nyumbani nayo kwa kawaida ni ya poliethilini. Weusi wake ni wa masizi maalumu ya kaboni yanayoikinga plastiki dhidi ya jua, na una faida ya ziada ya kuzuia mwanga usioteshe mwani.

Hata hivyo, ni lazima kutahadhari na kosa moja lililoenea. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki. Haisemi kwamba chombo ni salama kwa chakula. Dumu la dawa ya kuulia wadudu na dumu la mafuta ya kula yanaweza yote kuwa na namba 2. Usalama wa chakula huoneshwa kwa alama nyingine, mathalani alama ya glasi na uma, au kwa maelezo ya mtengenezaji kwamba chombo kimekusudiwa kwa chakula au maji ya kunywa. Vyombo vilivyoundwa kwa plastiki iliyorejelezwa bila udhibiti vinaweza kuwa na mabaki ya kila kilichoyeyushwa pamoja. Rangi nazo zina historia yake: baadhi ya rangi kali za manjano, machungwa na nyekundu zilizotumika katika plastiki zilitengenezwa kwa kadmiamu. Kwa sababu hiyo, chombo cheupe au kisicho na rangi kilichokusudiwa kwa chakula ni chaguo la tahadhari zaidi.

PVC ngumu ya mabomba ya maji ya kunywa inafaa kwa kupitishia maji. PVC laini ni suala jingine: ulaini wake hutokana na vilainishi vilivyochanganywa ndani yake, na vilainishi hivyo vinaweza kutoka taratibu na kuingia majini. Mapipa ya taka nayo hayafai kuchukuliwa kwa mazoea, kwa sababu baadhi huwekewa viuavijidudu au manukato. Kilichokusudiwa kuua vijidudu katika taka hakina sababu ya kuwahurumia viumbe wa tangini.

4.2 Metali

Kanuni ya metali ni fupi: maji ya chumvi yasigusane nayo. Ndoo ya bati hupakwa zinki ili isishike kutu, na zinki hiyo huyeyukia katika maji ya chumvi. Sufuria ya aluminiamu hutobolewa na kloridi. Shaba imekwishaelezwa hapo juu. Kinachowapotosha wengi ni kile kinachoitwa chuma kisichoshika kutu. Hapa tena jina linaahidi zaidi ya kilichopo. Aina inayotumika sana katika vyombo vya jikoni hutobolewa na maji ya bahari. Aina iliyoongezewa molibdeni, inayojulikana kwa namba 316, hustahimili zaidi, lakini nayo haina kinga kamili inapokaa muda mrefu katika maji ya chumvi yaliyotulia. Hakuna sababu ya kubahatisha ilhali plastiki ifaayo hupatikana kwa bei ndogo kuliko chuma hicho.

4.3 Kioo, Saruji na Faibaglasi

Kioo ni salama kabisa kikemia. Mapungufu yake ni uzito na wepesi wa kuvunjika, hivyo hakifai kubebeshwa kila wiki. Kioo kilichounganishwa kwa silikoni kinahitaji silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu silikoni za bafuni mara nyingi huwa na dawa hiyo.

Birika la saruji linaweza kutumika, lakini saruji mpya hutoa chokaa na kuongeza ualikali wa maji. Maji ya bahari huwa na pH ya takribani 8.1 hadi 8.3, birika jipya linaweza kuipandisha kupita kiasi hicho. Linahitaji kukomaa, kujazwa na kumwagwa mara nyingi, na kupimwa pH hadi itulie. Faibaglasi nayo ni nzuri ikiwa gundi yake imekauka na kukomaa kikamilifu. Ile ambayo bado inanuka haijakomaa, na harufu hiyo ni ya kemikali zilizokuwa zigeuke ukuta wa tangi na sasa zinatoka.

5.0 Historia ya Chombo

Hata malighafi bora hupoteza ubora wake kutokana na ilichobeba. Wengi hudhani kwamba ukuta wa plastiki ni kama ukuta wa kioo, kwamba uchafu hukaa juu yake na sabuni huuondoa. Sivyo. Poliethilini hunyonya mafuta, vimumunyishi na kemikali nyingi za kikaboni hadi ndani ya ukuta wenyewe, kisha huzirudisha polepole katika kitu kingine kitakachowekwa. Ndiyo maana dumu lililobeba mafuta ya taa huendelea kunuka baada ya kuoshwa mara kumi. Sabuni husafisha uso, lakini haifiki ndani ya ukuta.

Vyombo vya viuatilifu ni hatari zaidi. Miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chombo kilichokwisha kiuatilifu kisuuzwe mara tatu na kitobolewe ili kisitumike tena. Kutobolewa huko kunaeleza jambo ambalo kusuuza peke yake hakulielezi: hata baada ya kusuuzwa, chombo hicho hakipaswi kurudi katika matumizi ya nyumbani. Ndoo za rangi za ukutani, madumu ya tindikali ya betri, madumu ya vilainishi vya injini na matangi ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma yaliyotoka viwandani, yote yaingizwe katika kundi hili mpaka historia yake ithibitishwe kwa lebo ya awali au kwa maelezo ya anayeaminika.

Hapa mfugaji wa samaki anakutana na jirani yake asiyefuga. Katika miji yetu, dumu lililotumika hununuliwa, huoshwa, na hupewa kazi ya kuhifadhi maji ya familia. Mwili wa binadamu ni mkubwa na hauoneshi dalili upesi kama kamba anavyozionesha, lakini ukuta wa dumu ni uleule na tabia yake ni ileile. Dumu lisilofaa kwa kamba wa akwaria kwa sababu ya historia yake halifai pia kwa maji ya kunywa ya mtoto.

Kwa mfugaji, kanuni inayofuata ni rahisi kuitamka na ngumu kuitekeleza pale fedha zinapokuwa chache: chombo kipya kilichokusudiwa kwa chakula ni bora kuliko cha zamani, cha zamani kilichobeba chakula ni bora kuliko kisichojulikana, na kisichojulikana kiachwe. Hata kilichobeba chakula kina mpaka wake. Dumu la mafuta ya kula huacha utando wa mafuta, na pipa la achari huacha harufu ya siki na viungo isiyotoka kwa urahisi.

6.0 Viungo Vidogo

Mfugaji anaweza kuchagua pipa zuri kisha akaliharibu kwa kitu kidogo. Ndoo nyingi zina mkono wa waya. Waya huo ukilowa maji ya chumvi hushika kutu, na kutu hudondokea ndani. Koki ya shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, yaani metali mbili zisizotakiwa kwa pamoja. Vibano vya chuma vya kukazia mipira ya maji, misumari ya mfuniko na mnyororo wa kizibo vyote vibadilishwe kwa plastiki.

Mpira wa kumwagilia bustani usitumike kuhamishia maji haya. Utumike mpira uliokusudiwa kwa maji ya kunywa au kwa chakula. Pampu ya kuzungushia maji iwe ya kuzama iliyoundwa kwa ajili ya maji ya chumvi, isiyo na ekseli ya chuma cha kawaida. Baadhi ya pampu za kunyonyea maji machafu zina mafuta ndani yake, na mpira wake wa kuzuia ukichakaa mafuta hayo huingia majini. Kipasha maji nacho kisiguse ukuta wa plastiki, kwani kinaweza kuuyeyusha.

7.0 Namna ya Kukipima Chombo

Vipimo vinne vinaweza kufanywa bila maabara. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake, na kila kimoja kina upofu wake.

(i) Kipimo cha pua. Chombo kifungwe na kuachwa juani kwa saa kadhaa, kisha kifunguliwe na kunuswa mara moja. Harufu kali ya kemikali, mafuta au manukato ni sababu ya kukikataa. Zipo sumu zisizo na harufu, hususani metali, kwa hiyo ukimya wa pua si hati ya usalama.

(ii) Kipimo cha kuelea. Kipande kidogo kilichokwanguliwa ukingoni mwa chombo kitumbukizwe katika maji baridi yenye tone la sabuni. Poliethilini na polipropilini huelea. PVC, polistirini na plastiki ya chupa za soda huzama. Kipimo hiki kinasaidia pale ambapo namba imefutika, lakini hakisemi lolote kuhusu historia.

(iii) Kipimo cha upitishaji umeme. Chombo kijazwe maji yaliyosafishwa, kifunikwe kwa wiki moja, na kiasi cha chumvichumvi zilizoyeyuka kipimwe kabla na baada kwa kifaa kidogo cha mkononi. Kupanda kwa namba kunaonesha kwamba kitu kinatoka ukutani. Hata hivyo, kifaa hiki huhisi vitu vyenye chaji ya umeme tu. Mafuta, vilainishi na viuatilifu vingi hupita bila kuonekana.

(iv) Kipimo cha uhai. Mayai ya Artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyotumika kulishia samaki wachanga, huanguliwa kwa takribani saa 24 hadi 36. Maji ya chumvi yaliyokaa wiki moja katika chombo kinachotiliwa shaka yatumike kuangulia mayai hayo, sambamba na maji yaleyale yaliyokaa katika kioo kisafi. Wakifa upande mmoja na kuishi upande wa pili, jibu limepatikana. Wakiishi pande zote, ikumbukwe kwamba Artemia ni wavumilivu kuliko matumbawe.

8.0 Kuchanganya na Kuhifadhi

Chombo kipya kioshwe kwa maji ya moto kiasi na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa vumbi na mabaki ya kiwandani. Ukoko mweupe wa chokaa katika chombo cha zamani huondolewa kwa siki. Vijidudu huuawa kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, kisha chombo husuuzwa na kukaushwa. Siki na klorini visichanganywe kamwe wala kufuatana bila kusuuza, kwa sababu mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Katika kuchanganya, maji hutangulia na chumvi hufuata, kidogo kidogo, huku pampu ikizungusha. Kumimina maji juu ya rundo la chumvi husababisha sehemu ya kalisi kuganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena, na maji hupoteza madini ambayo matumbawe huyahitaji. Pipa la lita 200 huhitaji takribani kilo 7 hadi 8 za chumvi kutegemea maelekezo ya pakiti. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa karibu yote ni kloridi ya sodiamu bila uwiano wa madini ya bahari. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaondolewe klorini kwanza. Kipimo cha mwisho hufanywa maji yakiwa maangavu na yamefikia joto la tangi. Uzito linganishi wa takribani 1.025 hadi 1.026 ndio unaolengwa na wengi.

Anayechota baharini achote maji yanapojaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, na asichote mara baada ya mvua kubwa za masika. Maji hayo yana viumbe wadogo wengi watakaokufa na kuoza chomboni. Yachujwe, yawekwe gizani, na yapulizwe hewa.

Chombo cha kuhifadhia kiwe na mfuniko. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki, na maji yaliyosalia huzidi ukali; hivyo kipimo kirudiwe kabla ya kila matumizi. Uzito nao usisahaulike: lita 200 za maji ya chumvi zina takribani kilo 205, yaani watu wazima watatu waliosimama mahali pamoja. Pipa la mviringo hubeba msukumo huo kwa usawa. Sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo hutanuka mbavu na hatimaye hupasuka. Nyaya za umeme zipinde kuelekea chini kabla ya kufika kwenye soketi ili matone yasizifuate, na mfuniko ufungwe imara mahali penye watoto wadogo.

Mwisho, kila chombo kiandikwe: tarehe kilipoanza kutumika, kazi yake, na kwamba hakiazimwi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na usalama wa ndoo hupotea kwa namna hiyohiyo. Ndoo ikiazimwa siku moja kwa kazi ya kufulia au kupakia rangi, siku hiyo historia yake imebadilika, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba chombo si kitu kinachokaa pembeni ya maji. Ni sehemu ya maji hayo. Jina lake humweleza mnunuzi umbo na kazi, namba iliyo chini yake humweleza aina ya plastiki, na macho humweleza usafi wa uso. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomweleza historia. Kwa mfugaji mwenye fedha kidogo, pendekezo la makala haya ni kuanza na chombo badala ya kumalizia nacho: pipa moja jipya la poliethilini lililokusudiwa kwa chakula, lenye mfuniko na lisilo na metali, lililoandikwa na kutengwa kwa kazi hiyo tu. Na pale viumbe wanapoanza kudhoofika bila sababu inayoeleweka, kabla ya kuongeza dawa na kabla ya kubadilisha maji tena, mfugaji aliangalie kwanza pipa analochotea.